Saisi wa Dar, soma kadi kwanza: vifaa vinavyoruhusiwa kwa farasi wa mbio

Dar es Salaam haina uwanja wa mbio za farasi, na farasi wenyewe mjini ni wa kuhesabu: wa polisi, wa wapandaji wachache, na wale wanaotembeza wageni ufukweni upande wa Kigamboni. Sababu si fedha peke yake. Nchi yetu ina usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ina mbung'o na nagana yake, na farasi hafugwi huku kama mbuzi. Kwa hiyo kijana wa hapa hujifunzia usaisi, kazi ya kumtunza na kumwandaa farasi, kwa farasi mtulivu, tandiko zito, hatamu ya kawaida. Siku akipata mkataba Ngong kule Nairobi, au Dubai, Doha, Riyadh, anakabidhiwa farasi wa mbio mwenye kofia yenye vikombe machoni, ukanda kwenye ulimi na viatu vyepesi kama kifuniko cha sufuria. Anaambiwa: mwandae, tunatoka baada ya nusu saa.

Hapo wengi huuliza swali lisilofaa: kifaa hiki kinaruhusiwa au hakiruhusiwi? Swali hilo lina jibu la moja kwa moja kwa vitu vichache. Kifaa chochote cha umeme cha kumshtua farasi ni marufuku, na kukutwa nacho tu mfukoni au kwenye sanduku la vifaa kunatosha kukumaliza kazi hata kama hukukitumia. Mjeledi wenye ncha ngumu au miiba, nao hauna mjadala. Vilivyobaki, karibu vyote, ni halali kwa sharti: kiwe kimeandikishwa kwa farasi huyu, kwa mbio hii, kabla ya muda wa kuandikisha kufungwa. Blinka, ile kofia yenye vikombe machoni, iliyokuwa halali Jumamosi ni kosa Jumatano kama mkufunzi hakuitaja. Na ikiwa aliitaja halafu wewe ukaisahau bandani, hilo nalo ni kosa, faini inaenda kwa mkufunzi na lawama inakuja kwako.

Ukali huo una maana. Blinka au ukanda wa ulimi unaweza kumbadilisha farasi akawa kama mwingine kabisa, na watu wameweka pesa zao kwa kutazama alivyokimbia mara iliyopita. Kanuni haisemi blinka ni mbaya. Inasema asivalishwe kwa siri.

Kadi inavyosomwa

Kadi ya mbio, yaani orodha ya farasi watakaokimbia, huweka herufi pembeni ya jina la farasi; vifaa vyenyewe vinaelezwa hapa chini. Uingereza, b ni blinka, v ni vaiza, h ni kofia ya masikio, p ni mito ya mashavu, t ni ukanda wa ulimi. Namba 1 ikifuata herufi, maana yake ni mara ya kwanza. Hong Kong wanatumia herufi kubwa: B, V, H, na TT kwa ukanda wa ulimi, namba 1 ni mara ya kwanza, 2 ni kifaa kilichowahi kuvuliwa na sasa kimerudishwa, na alama ya kutoa ni kifaa kilichovuliwa. Ukiona "B-" usikimbilie kabati la blinka. Wanasema leo hana.

Tatizo ni kwamba herufi hazifanani. P ya Uingereza ni mito ya mashavu, P ya Hong Kong ni barakoa ya wavu inayofunika macho, na mito ya mashavu kwao ni CP. Saisi aliyezoea kadi moja akihamia nchi nyingine anaweza kuvalisha kifaa kisichohusika na akaapa kwamba amefuata kadi. Wiki ya kwanza ya kazi mahali papya, kaa na saisi mwenyeji na kadi moja ya zamani, mpitie herufi zote, kisha ziandike kwa Kiswahili kwenye karatasi na uibandike ndani ya mfuniko wa sanduku la vifaa.

Muda nao ujue. Uingereza, uandikishaji wa mbio za tambarare, zisizo na viunzi, hufungwa saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya mbio. Baada ya hapo wazo zuri la mkufunzi linasubiri mbio nyingine. Akikuambia mlangoni mwa lori, "hebu mwongezee mito ya mashavu tuone," muulize kwa adabu kama imeandikishwa. Mkufunzi mzuri hatakasirika.

Vya kichwani

Farasi anaona karibu pande zote, nyuzi kama 350 kati ya 360. Asichoona ni kile kilicho mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia. Blinka inakata sehemu ya nyuma ili asishughulike na wanaomkaribia. Vikombe vinatofautiana: kamili, robo tatu, nusu. Vaiza ni blinka yenye upenyo kwenye kikombe, ili farasi anayeogopa asichokiona aone kidogo upande. Mito ya mashavu ni vipande vya manyoya ya kondoo kwenye mikanda ya mashavu ya hatamu; inapunguza kuona nyuma bila kumfungia sana. Kofia ya masikio haigusi macho kabisa, kazi yake ni kupunguza kelele. Ukichanganya vaiza na blinka kwa sababu "zote zina vikombe", umevalisha kifaa kisichoandikishwa, hata kama umbo ni lile lile ukitazama kwa mbali.

Kinachoharibika zaidi ni mkao. Kikombe kikigusa kope, farasi atatikisa kichwa njia nzima na mpandaji atadhani ni ukaidi. Kofia ikiwa kubwa inajizungusha na tundu la jicho linahama. Jicho moja likizibwa kwenye kona, hiyo ni hatari kwa kila aliye karibu. Ukishafunga, ingiza vidole viwili chini ya mkanda wa taya. Kisha shika kofia juu ya utosi uivute kushoto na kulia: ikisogea zaidi ya upana wa kidole, chagua saizi ndogo. Simama mbele ya farasi, hakikisha macho yote mawili yako katikati ya matundu. Mwisho mtembeze hatua kumi, utazame tena, maana akishaanza kutafuna lijamu, kile chuma cha mdomoni, misuli ya shavu inasukuma kila kitu.

Uingereza kuna kofia nyekundu. Hiyo ni ya kumtuliza farasi kabla ya mbio tu, na rangi imewekwa makusudi ili kila mtu aone kama imesahauliwa. Lazima ivuliwe kabla hajakimbia. Kitambaa cha kufunika macho wakati wa kuingia kizimba cha kuanzia ni jambo lingine: kinaachwa kilegee ili kivutwe kwa mkono mmoja mara milango inapofunguka. Usikibane chini ya mkanda wowote wa hatamu. Sekunde moja ya kunasa hapo ni farasi anayetoka kizimbani hajui alipo.

Ukanda wa ulimi

Hiki ndicho kifaa ambacho saisi mgeni hukiharibu mara nyingi, na ndicho kinacholeta maneno mengi. Kazi yake ni kuzuia ulimi usipande juu ya lijamu na kusaidia njia ya hewa isizibwe na kaakaa laini wakati wa mbio kali. Ujerumani wameupiga marufuku kwenye mbio zao. Nchi nyingi nyingine unaruhusiwa ukiandikishwa. Msimamo wetu: kama farasi hana tatizo la ulimi wala la kaakaa lililothibitishwa na daktari, msifunge kwa sababu tu farasi wa jirani amefungwa.

Kitambaa kiwe laini na kipana, sentimita 3 hadi 5, urefu wa kama sentimita 80. Soksi ndefu ya nailoni ya kike, zile zinazouzwa Kariakoo, inafaa sana kwa mazoezi. Bendeji ya pamba nayo inafaa. Mpira wa kubania fedha, kamba ya katani, waya au utepe mwembamba usivitumie hata kwa majaribio, vinakata damu.

Lowanisha kitambaa kwa maji safi. Hatamu iwe tayari imevaliwa na lijamu liko mahali pake, juu ya ulimi. Ingiza mkono pembeni ya mdomo, pale pasipo na meno, shika ulimi kwa kiganja, si kwa kucha, uutoe taratibu upande mmoja. Usiuvute mbele kama unang'oa muhogo. Farasi akirusha kichwa juu wakati umeung'ang'ania, ulimi unachanika. Zungusha kitambaa mara moja, kaza kidogo, acha ulimi urudi mdomoni, kisha funga ncha mbili chini ya taya kwa fundo la kuachia, lile la kamba za viatu. Hakikisha ulimi umelala chini ya lijamu. Fundo gumu haliruhusiwi katika kichwa chako, hata kama kanuni haijaandika.

Rangi ndiyo kipimo. Ncha ya ulimi ibaki ya waridi. Ikiwa ya zambarau au samawati, fungua, subiri dakika chache, anza upya. Funga dakika za mwisho kabla ya kutoka kwenye banda la kutandikia, na ufungue mara tu farasi anaporudi, kabla hata ya maji. Wapo wanaofunga mapema ili "wasisahau". Farasi anabaki amefungwa nusu saa anatoa mate na kuhangaika, na nguvu ya mbio imeishia hapo.

Kitambaa kimoja, farasi mmoja. Ukibadilishana unahamisha magonjwa ya mdomo na pua, na mabaki ya dawa aliyokuwa anapewa farasi mwingine. Lijamu ni hivyo hivyo: lisuguliwe kwa maji safi, lisiingie kinywa cha pili bila kuoshwa.

Nchi moja, majibu mawili

Mfano mzuri wa jinsi mamlaka inavyoamua ni plasta ya pua, ile inayobandikwa juu ya pua ya farasi ili njia ya hewa ibaki wazi. Mwaka 2014 farasi California Chrome alishinda Kentucky Derby na Preakness, mbili za kwanza kati ya mbio tatu kubwa za Marekani, akiwa ameibandika. Mbio ya tatu, Belmont, inakimbiwa New York, na New York hawakuwa wakiiruhusu. Mkufunzi wake, Art Sherman, hakuibandika kimyakimya: waliomba ruhusa kwanza, wasimamizi wakakubali mwezi Mei, kabla ya mbio. Farasi hakushinda Belmont, lakini hakuna aliyemwondoa kwa sababu ya plasta. Miaka miwili nyuma, farasi I'll Have Another alikuwa ameshinda mbio zile zile mbili akiwa nayo, na New York walikuwa wamesema hapana. Nchi moja, uwanja mmoja, kifaa kimoja.

Mjeledi ni wa mpandaji, si wako, lakini utaupokea, utaubeba na utaulizwa. Uingereza, tangu 2023, mpandaji anaruhusiwa kuutumia mara 6 kwenye mbio za tambarare na 7 kwenye za kuruka viunzi. Akizidisha mara 4 juu ya kikomo, farasi anaondolewa kwenye matokeo. Australia wanahesabu mara 5 kabla ya mita 100 za mwisho. Norwei walianza kuubana tangu 1982. Vipimo vyenyewe havifanani: chini ya HISA, mamlaka ya Marekani ambayo kanuni zake za usalama zilianza Julai 2022, urefu unafika inchi 30, yaani kama sentimita 76, na uzito usizidi aunsi 8, kama gramu 227. Uingereza kwenye tambarare mwisho ni sentimita 70. Mjeledi halali wa Mmarekani unaweza kuwa mrefu mno huko. Wewe angalia pedi: ikiwa imepasuka, mshono umefunguka au sponji ndani imekuwa ngumu, usiizungushie gundi ya karatasi. Mrudishie mwenyewe akapate mwingine.

Viatu

Mazoezini farasi wengi huvaa chuma, siku ya mbio aluminiamu, ambayo kwa ujazo ule ule ina uzito wa kama theluthi ya chuma. Kubadilisha ni kazi ya fundi wa kwato, na afadhali ifanyike siku chache kabla, ili msumari uliogusa pabaya ujioneshe mapema. Wewe inua kila mguu asubuhi ya mbio. Pitisha kidole gumba pembeni ya ukwato: ncha ya msumari iliyochomoza itachana soksi yako na mguu wa farasi mwenyewe. Kiatu kisicheze hata kidogo ukikitikisa.

Kanuni zinabana zaidi meno ya kushikia ardhi. Chini ya HISA, kwenye viatu vya mbele ukingo wa kushikia hauzidi milimita 2, na kwenye nyasi hata huo hauruhusiwi. Sababu ni ya kimaumbile: ukwato wa mbele unapaswa kuteleza kidogo unapotua, ukinasa ghafla, nguvu yote inapanda kwenye kano na mifupa. Viatu vya gundi au vyenye kizingiti nyuma, mahali pengi huhitaji kutajwa au kibali. Ukimwona fundi amebadilisha aina ya kiatu, mwambie mkufunzi siku hiyo hiyo.

Tandiko, mikanda na mizani

Tandiko la mbio ni jepesi kiasi cha kutisha, na mkanda wake wa tumbo una mpira. Weka sponji, kitambaa cha namba, kisha tandiko; anza mbele kidogo ya mahali pake, uteleze nyuma ili manyoya yalale. Kaza pande zote mbili sawasawa, tundu kwa tundu, si kushoto peke yake. Juu yake pitisha mkanda wa pili unaozunguka tandiko lote. Huo ndio bima mkanda wa kwanza ukikatika. Vuta kila mguu wa mbele ili ngozi iliyokunjamana chini ya mkanda inyooke, mzungushe, kisha kaza tena, maana farasi wengi hujaza hewa mara ya kwanza. Mwenye kifua chembamba avalishwe mkanda wa kifuani, tandiko lisirudi nyuma.

Mpira na nyuzi ndivyo vinavyooza. Hapa Dar tunalijua hilo kuliko watu wa nchi kavu: masika kati ya Machi na Mei, ngozi inaota ukungu wa kijani kwa siku chache, na upepo wa chumvi unakula bizimu zisizo za chuma kisichoshika kutu. Usihifadhi tandiko kwenye mfuko wa nailoni. Litundike penye hewa, kivulini. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, paka sabuni ya glisirini, acha likauke lenyewe, si juani. Kila wiki kunja kila mkanda penye bizimu: ukiona nyufa, au uzi unakatika ukivutwa kwa kucha, uondoe kazini. Fundi viatu wa Kariakoo anaweza kurudishia mshono wa hatamu ya mazoezi vizuri sana. Mikanda inayobeba uzito wa mpandaji, ya tumbo na ya vikuku vya kukanyagia, usimpelekee, wala usitoboe tundu jipya kwa msumari wa moto.

Baada ya mbio mikono yako ikae mbali na tandiko. Mpandaji analitoa mwenyewe na kwenda nalo kwenye mizani, na uzito lazima ulingane na ule wa kabla ya mbio. Ukimmwagia farasi maji ndoo nzima tandiko likiwa bado mgongoni, kwa huruma yako ya kizaramo, umelowesha sponji na umeharibu mizani. Maji yaende kichwani na shingoni kwanza, mengine yasubiri tandiko litoke. Kofia, mjeledi na hatamu Uingereza havipimwi, lakini usivichukue mpaka mpandaji akupe.

Wakati anapima, wewe fungua ulimi, tazama rangi na pembe za mdomo. Vua blinka, pitisha vidole nyuma ya masikio na chini ya taya kutafuta pa kuchubuka. Ukikuta jeraha, piga picha, mwambie mkufunzi jioni hiyo hiyo, kabla hajaandikisha mbio ijayo, kwa sababu hata kuivua blinka nako kunaandikishwa.